Cheti cha Kughushi, Jasho la Kweli

Kampuni inagundua leo kwamba mhasibu wake wa miaka 7 alipata kazi kwa cheti cha kidato cha nne cha binamu yake. Kesho asubuhi afanywe nini? Waulize watu watano uone. Mmoja atasema azuiwe getini, maana mkataba wake haukuwahi kuwapo. Mwingine atataka aandikiwe kwanza barua ya kujieleza, kisha aitwe kwenye kamati ya nidhamu. Wa tatu ataulizia kiinua mgongo. Wa nne atadai mishahara yote ya miaka 7 irudishwe. Wa tano, ambaye mara nyingi ndiye afisa utumishi aliyefungua faili la mhusika siku ya kwanza, atainamisha kichwa na kupekua karatasi.

Hata wenye mamlaka hawajasema kwa kauli moja. Tarehe 28 Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki iliyotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, akaagiza waondolewe mara moja kwenye orodha ya mishahara. Hesabu hiyo ilipanda baadaye ikapita 14,000. Mei Mosi ya mwaka 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba watu haohao warudishiwe fedha walizokatwa kuchangia mifuko ya hifadhi ya jamii. Nchini Kenya mkondo ni mwingine kabisa: tume ya kupambana na ufisadi, EACC, inawafuata wenye vyeti feki mahakamani ili wairudishe mishahara waliyokwisha kula. Sheria za nchi hizi mbili zimetoka tumbo moja, ila majibu yameshika kila moja njia yake.

Sehemu kubwa ya mkanganyiko huu inatokana na neno moja linalotumiwa ovyo: batili. Tutalifikia. Kwanza tutazame kinachoitwa feki.

Ughushi una sura nyingi

Wale 9,932 wa mwaka 2017 walikuwa kundi moja tu la ripoti ile. Kundi la pili lilihusu vyeti 1,538 vilivyokuwa vikitumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Hapo cheti ni halali, kuna mtahiniwa aliyekaa kweli kwenye chumba cha mtihani, lakini mwenye jina ni mmoja na mwenye kazi ni mwingine. Kundi la tatu, watumishi 11,596, lilikuwa la vyeti pungufu. Upungufu peke yake si ughushi, lakini mitaani wote walitiwa kapu moja.

Ongeza na aina ambazo hazikuwa shabaha ya uhakiki ule: alama zilizobadilishwa kwenye cheti halisi, barua ya uzoefu kutoka kampuni ambayo mwombaji hakuwahi kuikanyaga, mdhamini ambaye ni shemeji aliyepewa cheo cha kubuni. Kisha kuna visivyo ughushi hata kidogo. Shahada kutoka chuo cha nje kisichotambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu inaweza isimfae mwenye nayo, ila haijaghushiwa. Mwanamke aliyesoma kwa jina la baba na kuajiriwa kwa jina la mume hajaghushi. Amekosa hati ya kiapo tu.

Tofauti hizi zina uzito kwa sababu kughushi ni jinai inayodai nia ya kudanganya. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inaweka kifungo cha hadi miaka 7, na ya Kenya miaka 3. Mwajiri anayemwita mtu mghushi kwa sababu tu majina hayafanani amekwisha kosea kabla hata hajafika kwenye sheria ya kazi.

Mlango mmoja, ufunguo mmoja

Ni rahisi kusema watu wanaghushi kwa sababu ni waongo. Wapo waongo. Lakini tazama lilivyokwenda suala la darasa la saba. Tangu tarehe 20 Mei 2004, sharti la kuingia utumishi wa umma Tanzania lilikuwa angalau elimu ya kidato cha nne. Madereva, wahudumu wa ofisi na watendaji wa vijiji walioingia kabla ya tarehe hiyo walikuwa wamo kihalali kwa elimu ya msingi. Uhakiki ulipopita, wengi wao nao waliondolewa, na mwaka 2018 Serikali ikaagiza warejeshwe kazini. Agizo hilo halikuwagusa waliokuwa wamewasilisha vyeti vya kughushi. Pengine katika ofisi moja madereva wawili wenye elimu ileile waliishia tofauti: aliyekaa na darasa lake la saba alirudi kwenye usukani, na aliyejipamba kwa kidato cha nne cha kununua akabaki nje.

Somo la kisera hapo si gumu. Sharti la cheti likiwekwa kwa kazi ambayo cheti chenyewe hakiitumikii, soko la kughushi linapata wateja. Hilo halimsafishi mghushi, kwa kuwa aliyeporwa nafasi ni mwombaji mwingine aliyefeli kwa uaminifu au aliyefaulu akakosa kazi. Ila linaeleza kwa nini msako peke yake haumalizi tatizo. Wala si tatizo la Tanzania peke yake: Kenya ilianza uhakiki wake kwa agizo la mwaka 2022, na Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ikatangaza kuwabaini watu 2,067.

Jambo jingine lililowakera wengi, na si bila sababu, ni kwamba uhakiki wa Tanzania haukuwagusa viongozi wa kisiasa. Utetezi uliotolewa ni kwamba Katiba inamtaka mbunge ajue kusoma na kuandika tu. Kisheria utetezi huo unasimama. Kimaadili unachechemea, kwa sababu kosa la kughushi haliulizi kama cheti kilikuwa sharti la kazi au pambo.

Batili, au unaobatilishika?

Sasa kwenye neno lenyewe. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inatofautisha mikataba ya aina mbili ambayo lugha ya mitaani inaichanganya. Mkataba batili ni ule ambao kisheria haupo: umefungwa kwa jambo lililokatazwa, kwa mfano. Mkataba unaobatilishika upo, unafanya kazi, unazaa haki na wajibu, mpaka yule aliyedanganywa aamue kuuvunja. Ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu, inasema sheria hiyo, inaufanya mkataba uwe wa aina ya pili. Uamuzi uko mkononi mwa aliyedanganywa.

Kwa hiyo mhasibu wetu alikuwa na mkataba. Ulikuwa na ufa tangu siku ya kwanza, lakini ulikuwapo. Na mambo matatu yanafuata hapo. Mwajiri anaweza kuuvunja. Mwajiri akijua ukweli kisha akaendelea kumtumia mtu huyo kana kwamba hakuna kitu, amejifungia mwenyewe mlango wa kuuvunja kwa sababu hiyo. Na anayeuvunja hutakiwa kurudisha faida aliyoipata; kwa kuwa vitabu vya hesabu vya miaka 7 havirudishiki, mshahara uliolipwa unabaki kuwa bei yake.

Hilo la pili lina watu wake. Wapo waajiri wanaoijua siri ya mtumishi na kuitia kabatini, wamtoe nayo siku atakapodai nyongeza au kujiunga na chama cha wafanyakazi. Huo ni unyonyaji uliovaa joho la uadilifu, na mahakama ina kila sababu ya kuukataa.

Kuna hali moja ambapo neno batili linastahili kutumika. Kazi ya daktari, muuguzi, mfamasia au wakili haifanywi bila usajili, sheria inaikataza. Mkataba wa kumwajiri mtu asiyesomea udaktari afanye udaktari umefungwa kwa jambo lililokatazwa, wala hakuna hiari ya mwajiri kuuendeleza. Mhasibu wa dukani na daktari wa upasuaji wametenda kosa la jina moja, lakini mikataba yao si ya aina moja. Mjadala wetu mwingi hauitenganishi mikataba hii miwili.

Wanaotaka afukuzwe papo hapo

Msimamo wa kumwondoa mtu bila kumsikiliza una nguvu zake. Ni wepesi. Unatoa onyo linaloeleweka na kila mtu. Unamkatalia mdanganyifu kutumia ngao ya sheria aliyoipata kwa udanganyifu, na hoja hiyo ina mizizi mirefu katika sheria: mtu hapaswi kujenga dai juu ya uovu wake mwenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inampa mwajiri nafasi fulani, kwani ulinzi wake dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki hauwahusu walio na chini ya miezi 6 kazini.

Udhaifu wake ni kwamba unachukulia kuwa limekwisha thibitika lile linalotakiwa kuthibitishwa. Cheti kinaitwa feki na nani? Kumbukumbu za mtihani wa zamani zinaweza kuwa na herufi iliyoruka. Namba ya mtahiniwa inaweza kunakiliwa vibaya na karani. Baada ya tangazo la 2017 wapo waliokata rufaa, vyeti vyao vikathibitika kuwa halali. Watu hao walikuwa wamekwisha kutajwa, mshahara umesimama, na majirani wamekwisha kunong'ona. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6), inatoa haki ya kusikilizwa bila kuweka sharti kwamba msikilizwaji awe mwema.

Kuna gharama nyingine isiyohesabiwa. Vituo vya afya na shule vilipoteza watu kwa siku moja, na mgonjwa aliyefika kesho yake hakuwa ameghushi chochote. Hili si hoja ya kuwabakiza wauguzi wa bandia. Ni hoja ya kupanga nani anaondoka lini na nani anashika zamu yake.

Wanaotaka utaratibu kwanza

Upande wa pili unasimama juu ya kifungu cha 37 cha sheria hiyo ya 2004: mwajiri athibitishe kwamba sababu ni halali na ya haki, na kwamba utaratibu ulikuwa wa haki. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zimeuweka utaratibu huo wazi. Uchunguzi ufanyike, mtumishi aelezwe tuhuma kwa lugha anayoielewa, apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, asikilizwe, akiwa na mwenzake wa kumsaidia akitaka, aelezwe uamuzi na sababu zake. Udanganyifu mkubwa ni miongoni mwa makosa ambayo kanuni hizo zinakubali kwamba yanatosha kumwachisha mtu kazi. Kenya nayo, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri aeleze sababu na asikilize, hata kwa kosa linaloruhusu kumwachisha mtu mara moja.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haihitaji kusubiri jinai. Mahakama ya jinai inataka ushahidi usioacha shaka ya maana. Kikao cha nidhamu kinapima tu lipi lina uwezekano zaidi. Barua moja ya Baraza la Mitihani, NECTA, ikisema namba hii ni ya mtu mwingine, kwa kawaida inatosha.

Lakini ina mtego ambao waajiri wengi huuingia kwa hasira. Kifungu kidogo cha 37(5) kinazuia adhabu ya kinidhamu, ikiwamo kuachishwa kazi, kwa mtumishi aliyekwisha kushtakiwa mahakamani kwa kosa la jinai lililo sawa kimsingi, mpaka kesi na rufaa yake ziishe. Mwajiri anayekimbilia polisi kwanza, kisha mtumishi akafikishwa kizimbani, anaweza kujikuta amejifunga kamba: hawezi kumwachisha, na kesi inaahirishwa mwezi hata mwezi. Mpangilio una maana. Nidhamu itangulie, polisi wafuate.

Udhaifu wa pili ni kwamba utaratibu unaweza kugeuka mchezo wa kuigiza. Kamati inakaa, barua ya kuachishwa imekwisha chapwa. Na mwajiri mwenye ushahidi kamili anaweza kushindwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa kuruka hatua moja, akamlipa fidia mtu aliyemdanganya. Wananchi wanaposikia hukumu kama hiyo hukasirika. Hata hivyo mahakama za Tanzania zimekubali kwamba pale sababu ni ya kweli na kasoro ni ya utaratibu tu, fidia inaweza kupunguzwa. Hasira hiyo ingeelekezwa vizuri zaidi kwa mwajiri aliyeshindwa kusubiri saa 48.

Mishahara iliyokwisha kuliwa

Hapa ndipo Kenya imekwenda mbali kuliko jirani yake. EACC hutumia Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Makosa ya Kiuchumi ya mwaka 2003 kudai kwamba mshahara uliopatikana kwa cheti cha kughushi ni mali ya umma iliyochukuliwa kwa ulaghai, na mahakama zimewahi kuamuru fedha hizo zirudishwe. Tanzania, kwa upande wake, ilichukua njia ya biashara ya kimyakimya: mwaka 2017 waliotajwa walipewa hadi tarehe 15 Mei waondoke wenyewe, na watakaong'ang'ania ndio washtakiwe. Serikali ilisamehe jinai, ikaacha mishahara ya nyuma ilale, ikapata nafasi zake haraka.

Dai la kurudisha yote linavutia masikioni. Linapofanyiwa hesabu linaleta taabu. Mtumishi alifungua ofisi, alisajili watoto, aliandika barua. Mwajiri akichukua kazi ile na kisha mshahara wake wote, amepata huduma ya bure ya miaka kadhaa. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikumbana na swali hilohilo mwaka 2022 katika shauri la Jon Andrewes, aliyeongoza hospisi ya wagonjwa huko Taunton kwa zaidi ya miaka 10 kwa shahada za uongo na wasifu wa kubuni. Alikuwa amelipwa zaidi ya pauni 643,000 baada ya kodi. Majaji walikataa pande zote mbili, wa kuchukua yote na wa kutochukua chochote. Walisema kinachotaifishwa ni tofauti kati ya alichopata na ambacho angepata kwa kazi aliyostahili. Yeye alitakiwa kutoa pauni 96,737, ndizo alizokuwa nazo. Wakaacha mlango wazi kwa kazi ambazo sheria inakataza kufanywa na asiye na sifa: huko, kurudisha yote kunaweza kuwa haki.

Hukumu ile haizifungi mahakama zetu, lakini inaangukia palepale tulipofika kwa Sheria ya Mikataba: tofauti ya mhasibu na daktari. Naiona kuwa njia bora kuliko ya Kenya ya kudai kila senti, na bora kuliko ya Tanzania ya kuacha kila kitu.

Kiinua mgongo kina jibu jepesi. Sheria ya Tanzania inatoa mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10, na inamnyima aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Mshahara wa siku alizofanya kazi na likizo aliyoivuna ni vitu vingine, hivyo analipwa.

Michango ya mfuko ndiyo ilizua kilio kirefu zaidi. Makato ya mtumishi hutoka kwenye mshahara wake. Ukikubali kwamba mshahara ulikuwa wake, huwezi kukataa kwamba makato ni yake. Na agizo la 2022 liliishia hapohapo, kwenye fedha alizokatwa mwenyewe, bila mchango wa mwajiri. Mstari huo ulichorwa mahali sahihi. Ulichelewa miaka 5.

Mwajiri aliyesinzia

Katika mabishano haya yote mwajiri huonekana kama mtu aliyeibiwa usingizini. Mara nyingi alilala kwa hiari. Desturi ya ofisi zetu ni kudai nakala ya cheti yenye muhuri wa wakili, kisha kuiweka kwenye faili na kujiona salama. Muhuri ule unathibitisha kwamba nakala inafanana na karatasi aliyoonyeshwa wakili. Hausemi kama karatasi yenyewe ilitoka NECTA au ilitoka kwa fundi wa kompyuta. Anayejua ni baraza lililotunga mtihani, na swali kwake linapaswa kutumwa na mwajiri moja kwa moja, si kupitia mkono wa mwombaji.

Uhakiki ufanyike kabla ya barua ya ajira, au angalau ndani ya miezi 6 ya kwanza. Mkataba wenyewe useme kwamba ajira inategemea majibu ya uhakiki, na mwombaji asaini ridhaa ya taarifa zake kuulizwa, maana Tanzania sasa ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ya 2019. Hayo hayagharimu kama inavyogharimu kugundua ukweli mwaka wa saba.

Hukumu yetu kwa mhasibu

Basi yule mhasibu aandikiwe barua ya kujieleza yenye jibu la NECTA lililoambatishwa. Apewe saa zake 48 na kikao cha kweli. Ikithibitika, aondoke, akiwa amepoteza siku 49 za kiinua mgongo, na taarifa ifike polisi baada ya hapo. Alipwe siku alizofanya kazi na likizo yake, na makato yake ya mfuko yasiguswe. Mishahara ya miaka 7 ibaki kwake, isipokuwa mwajiri aweze kuonyesha kiasi kilichozidi kile ambacho angemlipa kwa elimu yake halisi. Angekuwa muuguzi, angeondolewa wodini siku hiyohiyo huku kikao kikisubiriwa, na dai la mishahara yote lingekuwa na miguu.

Na afisa utumishi aliyeinamisha kichwa, ambaye kwa miaka 7 hakuandika hata barua moja kwa NECTA, naye aandikiwe yake ya kujieleza asubuhi hiyohiyo.